Niliandika Bomu kwenye Kidonda cha Bora

Kosa ni langu, sitaisingizia vita. Nilikuwa muuguzi katika kituo kidogo cha afya Lubunga, ng'ambo ya mto kutoka Kisangani, miaka ile majeshi ya kigeni yalipopigana mjini humo.

Bandeji tulipewa na wafadhili waliosaidia majeruhi wa vita tu. Kidonda kingine hakikuwa na fungu. Basi kila kidonda nikakiandika cha vita. Aliyejikata panga shambani, bomu. Aliyeungua mafuta ya mawese, bomu. Nilijiona mjanja, tena mwenye huruma.

Siku moja akaja baba mmoja kutoka njia ya Opala, amempakia binti yake Bora kwenye baiskeli. Mtoto wa miaka tisa, ana kidonda kwenye kiwiko, kingo zake zimelika kwa chini. Nilipokigusa hakukunja hata uso.

"Docta, hapa hapakukuwa bombe," baba akasema. "Ilianza sawa kakitu kadogo chini ya ngozi. Tena haimuume hata kidogo."

"Papa, ukiulizwa sema bombe. Ao unataka arudie bila pansement?"

Akaitazama bandeji niliyoishika, akaitikia kwa kichwa. Na mimi nilijua. Shuleni tulifundishwa kidonda cha Buruli: huanza na uvimbe usiouma, kisha hula nyama chini ya ngozi. Nilipaswa kupitisha pamba chini ya zile kingo, niipeleke maabara ng'ambo wathibitishe, nijaze fomu ya taarifa. Lakini wangefungua rejista yangu na kuniuliza wale wengine walipigwa na bomu gani. Niliogopa. Nikaandika bomu.

Miezi mizima nilimfunga bandeji safi. Safi kabisa, jamani! Chini yake mkono uliendelea kuliwa. Hospitali ilipoukata, baba yake alikuja kunishukuru kwa zile bandeji.

Baadaye ikaja timu ya ugonjwa wa Buruli, wanatafuta vijiji vyenye wagonjwa ili wawaone mapema. Wakapekua rejista, wakakuta mabomu tu. Mkubwa wao akaifunga, waende kutafuta mahali pengine.

"Bon, kwa Opala haiko. Tuende fasi ingine."

Nilikuwa nimekaa mbele yake. Sikufungua mdomo.

Msimu wa mvua uliofuata, baba yake Bora alirudi na baiskeli ileile. Safari hii amempakia mtoto wake mdogo, na Bora anatembea nyuma yao.

"Docta, mudogo wake naye iko na kale kakitu," akaniambia kwa sauti ya chini. "Nitasema iko bombe?"

Nililia mbele yao. Huyo nilimpeleka hospitali, nikamjazia fomu ya kweli, uvimbe ukaondolewa ungali mdogo, akapona. Bora ndiye aliyemshikilia nilipokuwa nikimfunga, kwa mkono wake mmoja.

Wewe unayeshika kalamu ya kituo cha afya, nakusihi, andika kile ambacho macho yako yameona. Mimi niliandika cha kunisaidia kupata bandeji, na mtoto wa watu amelipa.