Likizo Yangu ya Montenegro

Ofisini hapa mjini Ibra niliwaambia nakwenda likizo Montenegro, maana niliona haya kusema sina wa kwenda naye popote. Wiki nzima nikajifungia ndani peke yangu, nasoma mtandaoni, halafu narikodi sauti kwenye grupu la familia. "Hapa Durmitor milima ina theluji mpaka leo. Waturuki walitawala nchi zote za jirani, lakini milima hii iliwashinda." Nikaanza kujionea wivu mwenyewe.

Jana alasiri nikawasimulia korongo la mto Tara. Shangazi yangu, anayekaa mtaa wa pili, akajibu papo hapo:

"Mwanangu, anayeadhini nyuma yako ni Mzee Nassor wa msikiti wetu, na kikohozi chake kilekile. Nifungulie mlango, wali unapoa."