Farasi Aliyezaliwa Mweusi

Nilipomaliza darasa la saba nilikuwa najua jambo moja ambalo kijiji kizima hakikulijua: kwamba farasi wetu hakuwa amelogwa. Nalisema mapema ili mtu asije akanionea huruma huko mbele.

Farasi mwenyewe aliachwa na padre mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Alikuwa mweusi tii. Tulipobomoa nyumba zetu na kujipanga kando ya barabara iendayo Kate, tukaitwa kijiji cha ujamaa, yeye ndiye aliyevuta mkokoteni wenye mlango wetu na magunia ya ulezi. Akawa mali ya kijiji. Aliyepewa kazi ya kumtunza ni mama yangu wa kambo, kwa sababu ni yeye peke yake ambaye hakumwogopa.

Siku padre alipomkabidhi farasi tulikuwepo yeye na mimi tu, nimeshika ndoo. Padre alimmwagia farasi maji shingoni, akatenganisha manyoya kwa vidole, akatuonyesha ngozi. Alisema farasi wa aina hii huzaliwa mweusi, halafu kila mwaka manyoya yanayoota yanakuwa meupe zaidi kuliko yaliyotoka, kama mvi zetu, ila yeye huanza angali kijana na wala si ugonjwa. Ngozi hubaki nyeusi mpaka kufa. Mkimlowesha mtaiona, alisema. Mama wa kambo alirudia maneno yale polepole, kama anayejifunza sala.

Nilimchukia yule mama. Hakunipiga wala hakuninyima chakula. Jumapili ya kwanza baada ya kuolewa alikwenda kanisani amevaa gauni la marehemu mama yangu, lile la maua ya njano, na baba akamwambia limemkaa vizuri. Basi, kwa hilo tu nikamwekea kinyongo cha miaka. Isitoshe alikuwa mtu wa bondeni, wa Muze, na sisi wa huku juu tulikuwa tunawasema watu wa bondeni hata kama hatuna la kusema.

Farasi akaanza kubadilika. Kwanza uso, kisha mbavu zikapata madoa ya kijivu, na mwaka niliomaliza shule alikuwa mweupe karibu wote, akabaki na weusi wa pua na magoti. Mwaka huohuo surua ikachukua watoto watatu. Wazee wakaanza kuuliza. Ng'ombe wetu akizaliwa mweusi, tunamla mweusi. Huyu weusi wake umekwenda wapi, na nani ameuchukua?

Mkutano uliitwa asubuhi, mbele ya ghala la kijiji, bendera ikiwa juu. Mwenyekiti alikuwa mtu wa utaratibu. Alisema Chama hakitambui uchawi, kwa hiyo mama huyu anashitakiwa kwa kuharibu mali ya kijiji. Watu wakapiga makofi. Farasi alikuwa amefungwa kwenye nguzo, anatafuna machicha ya pombe aliyoletewa na mshitakiwa alfajiri ileile.

"Naomba maji ndoo moja," mama wa kambo alisema. "Nimloweshe, muone wenyewe."

Mzee mmoja akasema asipewe, atatia dawa. Maji hayakuletwa. Mama wa kambo akamgeukia baba, ambaye alikuwa amesimuliwa maneno ya padre kila mwaka manyoya yalipobadilika. Baba alikuwa anatazama viatu vyake. Ndipo akanigeukia mimi.

"Mwanangu, wewe ulikuwepo. Waambie alivyosema padre."

Watu wote walinitazama. Alikuwa amevaa lile gauni, limechakaa, kwapani limetiwa kiraka. Ningesema maneno kumi tu ningemwokoa, na nilikuwa nayo yote mdomoni.

"Sikumbuki kitu," nilisema.

Nitasema ukweli, nilisikia raha. Mkutano ukamfukuza kijijini, akaondoka siku ileile na lori la mfanyabiashara wa mjini lililokuwa linashuka Muze kuchukua mpunga. Gauni aliliacha limekunjwa juu ya kitanda changu.

Farasi hakupata mwingine wa kumsogelea. Alikonda palepale nguzoni, na ilipofika Saba Saba mwenyekiti akaamua achinjwe kabla hajawa hasara. Kwanza watu waliogopa nyama ile, kisha mzee yuleyule akasema uchawi ulikwisha ondoka na mwenyewe. Vijana walitaka ngozi ya kuwambia ngoma, wakaikwangua manyoya kwa vipande vya chupa. Ikatokea nyeusi tii, toka shingoni mpaka mkiani. Tulisimama pale kijiji kizima tukiitazama. Mtu mmoja akauliza kama yule mama aitwe, na mwenyekiti akajibu kwamba hilo halimo kwenye ajenda. Tukagawana nyama kwa nyumba kumi kumi. Mimi na baba tulikula fungu letu bila kuangaliana.

Ilinichukua miaka miwili kushuka Muze. Sukari ilikuwa haipatikani siku hizo, nikabahatisha kilo moja mjini nikamchukulia. Nilimkuta anapepeta mpunga, kichwa chake kimejaa mvi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Farasi hajambo?"

Nikamwambia tulimla. Ungo haukusimama.

"Mlipomchuna mliiona ngozi?"

"Tuliiona."

"Ikoje?"

"Nyeusi."

"Lini hiyo?"

"Saba Saba ya mwaka juzi."

"Mwaka juzi," alisema. "Na lori linashuka kila wiki."

Nikaiweka sukari mlangoni pake. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba msamaha njia nzima, lakini hakunipa nafasi. Alisema niichukue, huko juu kuna baridi, tutaihitaji zaidi. Nikarudi nayo kwa lori lilelile, na mimi na baba tukainywea chai mpaka ikaisha.