Nilipanga choroko na mchele kwenye sinia, jirani akasoma ramli

Wakuu, hamjambo huko mliko. Haya nimeyaona kwa macho yangu, na kwa kuwa wahusika tunaishi nao nyumba moja, majina nimebadili.

Usiku mzima nilikosa usingizi kwa swali hili: nikivuruga sinia, halafu mtoto akafa, nitakuwa nimemuua mimi?

Nianze mwanzo.

Nina digrii ya hesabu, kazi sina, naishi kwa shangazi, mtaa wa Makorora. Ili nisichanganyikiwe, napanga punje za chakula kwenye sinia, napiga picha, napost. Kanuni ni moja: kila punje inatazama mbili zilizo juu yake. Zikifanana, naweka mchele. Zikitofautiana, choroko. Pembeni huwa choroko siku zote. Inatokea pembetatu ndani ya pembetatu, nzuri mpaka inatisha kidogo.

Juzi mchana niliiacha ukumbini nikiwa mstari wa kumi na tatu, nikaenda Ngamiani kuongeza choroko.

Niliporudi, mistari ilikuwa kumi na saba.

Nikahesabu mara tano (ndivyo nilivyo, hata kufuli naligusa mara nne). Yote sahihi. Na kanuni ile sijawahi kumwambia mtu.

"Usiguse."

Alikuwa Bi Mwanaidi, mpangaji wa chumba cha uani. Nikampa shikamoo, hakuitikia. Amempakata mjukuu wake Zaina, miaka mitano, homa siku ya pili. Macho ya mtoto yako wazi lakini hayatazami kitu. Midomo inanong'ona: moja, moja, mbili, mbili, mbili...

"Bibi, hii ni hesabu tu."

"Kwani ramli ni nini, mwanangu? Baba yangu alipiga ramli maisha yake yote. Zikifanana mbili, zikitofautiana moja. Umeiacha njiani, na kitu hiki hakiachwi njiani. Nimeimalizia kwa jina la Zaina."

Akanionyesha. Mstari wa kumi na sita, choroko tupu. Wa kumi na saba, mchele mtupu, choroko mbili tu za pembeni.

"Giza limepita, kumetoka kweupe. Siku tatu asitolewe nje. Na atakayevuruga, litakalompata mtoto ni lake."

Jamani, mstari wa kumi na saba hutoka mweupe siku zote! Kwa mzima, kwa mgonjwa, hata kwa maiti. Nilijua hilo, lakini nikaenda zangu chumbani. Mama yake Zaina yuko Mkwaja, simu haipatikani.

Halafu nikiwa kitandani nikagundua: alichokuwa ananong'ona mtoto, moja ikiwa choroko na mbili mchele, ni mwanzo wa mstari wa kumi na nane. Ambao hakuna aliyekuwa ameupanga.

Asubuhi mnong'ono ulikuwa umekoma. Ukimya ule ndio ulioninyanyua.

Nikafuta sinia lote kwa kiganja mbele ya Bi Mwanaidi. Punje zikatawanyika sakafuni.

"Basi ni langu," nikamwambia. "Nipe mtoto."

Hakusogea. Shangazi akatokea jikoni na mwiko mkononi: "Mpe, Mwanaidi. Si umesikia? Kashalichukua."

Akanipa. Nikambeba hadi kituo cha afya. Malaria, tena kali. Leo anakunywa uji na kuwatukana manesi.

Nilichojifunza: kujua peke yake hakusaidii. Bibi yule hakuhitaji nimfundishe hesabu, alihitaji mtu wa kubeba lawama.

Ila ule mstari wa kumi na nane bado sina maelezo yake. Mwenye nayo aandike hapo chini, hata kama yatanitisha.