Gelasius Ajigamba Sugar Land

Gelasius ana miaka hamsini na minane na hupima damu katika maabara ya hospitali moja ya Houston. Kila Jumanne, akitoka kazini, hupitia chuoni kusikiliza somo la tenzi za kale za Wagiriki. Hatafuti cheti. Alivutwa na jambo moja alilolisikia siku ya kwanza: mashujaa wa tenzi hizo, kabla ya kurushiana mikuki, husimama kwanza na kutajiana baba na babu zao.

"Nikajua hawa ni watu wa kwetu," anasema.

Kwao Muleba, baba yake alisimama hivyo, mkuki mkononi, kila alipomwoza binti. Alitaja ukoo, akataja matendo yake mwenyewe, na mdogo wake akamwitikia kila mstari. Mwaka huu ilikuwa zamu ya Gelasius. Flaviana, binti yake wa pekee, alikuwa anaolewa, na Gelasius akataka kujigamba kwenye sherehe ya kumuaga. Ukoo aliujua. Matendo ndiyo hayakupatikana.

"Utajigamba nini, Baba Flavi?" aliuliza mkewe, Prudensia. "Kwamba umeendesha gari barabara ya 59 miaka ishirini na mitatu hujagonga mtu?"

"Hiyo nayo ni vita."

"Basi iandike."

Hakuiandika. Darasani walikuwa wamefika kwa shujaa anayekubali kutorudi kwao ili jina lake litajwe vizazi vyote. Gelasius naye hakurudi, hata kumzika baba yake. Makaratasi ya uhamiaji yalikuwa hayajatoka. Jina lake yeye linasomeka kwenye beji ya kazini tu.

Jumamosi alisimama ukumbini Sugar Land, mji jirani na Houston, na fimbo ya pazia mahali pa mkuki. Akamtaja baba, babu, baba wa babu, na kilima walikozikwa. Baada ya kila jina aliacha nafasi ya kuitikiwa, kisha akaendelea. Kisha akafika kwake mwenyewe.

"Mimi Gelasius," akasema mwishowe, "niliyebaki huku ili huyu asome."

Akaacha nafasi tena, pale ambapo baba yake angeitikiwa na mdogo wake. Yeye hakuwa na mdogo wake ukumbini wa kumwitikia. Watu wakapiga makofi, wakarudi kwenye sahani zao. Yeye alikuwa bado ameinua fimbo, anangoja.