Jumapili Mama Mdogo Albina Alipovuka Waya

Mama mdogo Albina alikuwa na sauti kubwa. Akimwita mumewe kutoka shambani, mbwa wa kijiji kizima walitangulia kuitika. Sauti hiyo ilimfaa sana miaka ile ambayo yeye na mama yangu, Karlina, walikuwa wakizungumza kutoka pande mbili za waya wa miba.

Waya ule tuliletewa na wakubwa wa dunia. Vita vilipokwisha, walioshinda hawakuelewana. Wakomunisti walikuwa huku, nchi za Magharibi kule, na kila upande uliutaka mji wetu wa Gorica. Mwishowe wakaugawa. Septemba ya mwaka 1947 wakaja askari na vigingi na chokaa, wakakata mashamba na bustani, wakapita hata katikati ya makaburi. Mji ukabaki Italia, vijiji vya pembeni vikaenda Yugoslavia. Mama alikuwa ameshaolewa mjini na baba yangu Silvan, kinyozi. Albina, mdogo wake, alikuwa amebaki kijijini katika nyumba ya wazazi wao pamoja na mumewe Ciril, fundi wa reli. Kutoka mlango hadi mlango hata sigara moja haikuisha.

Kwa Albina mstari ulipita uani, kati ya jiko na zizi. Yeye akawa raia wa Yugoslavia, ng'ombe wake Liska akawa Mwitaliano.

"Komredi," alimwambia askari aliyesimama pale uani, "huyu ng'ombe hajui siasa. Asipokamuliwa atalia mpaka Roma wamsikie."

"Subiri kibali, dada."

"Na maziwa nayo yasubiri kibali?"

Askari akakuna kichwa, akasema yeye si daktari wa mifugo. Basi mchana, askari wa pande zote mbili walipokaa kula, Albina akavuka ua, akamfungua Liska na kumwingiza jikoni, kisha akafunga mlango. Ciril aliporudi kazini alimkuta ng'ombe amesimama kando ya meza, ananusa sufuria ya kabichi na maharage.

"Mke wangu, huyu mgeni ni nani?"

"Mkimbizi. Amewatoroka mabepari."

"Basi mpe nyasi," akasema Ciril akivua kofia. "Ametuchagua sisi, tusimwaibishe."

Ndivyo walivyokuwa wale wawili. Shida hazikuwapungukia, ila walikuwa wagumu wa kununa. Mwaka uliofuata viongozi wao waligombana na Moscow, na Yugoslavia ikajikuta haina rafiki Mashariki wala Magharibi. Katika ukumbi wa ushirika ambako Albina alishona magunia, picha ya mkubwa wa Moscow ikashushwa, ukutani pakabaki alama nyeupe ya mraba. Albina alipita chini yake kila asubuhi na kuipungia mkono. Alisema huyu wa sasa ndiye kiongozi mpole kuliko wote.

Dukani kwao hapakuwa na kitu. Kahawa ilikuwa shayiri iliyokaangwa, sabuni ilitoka ikipenda, na ufagio haukuonekana kabisa, kwa kuwa mabua ya kutengenezea yalibaki kwenye mashamba ya upande wa pili. Wanawake walifagia kwa vitawi vya mti. Mama yangu, ambaye hakuweza kuacha utani hata msibani, alimwona Albina siku moja anahangaika na vitawi vyake uani.

"Mkombozi wa wafanyakazi!" akapaza sauti kutoka upande wa Italia. "Huna hata ufagio?"

"Tunafagia mabepari kwanza, dada! Sakafu baadaye!"

Kupiga kelele mpakani kulikatazwa, na kila mara askari aliwakemea. Wakanyamaza, wakangoja ageuke, wakaanza tena.

Mimi nilizaliwa mwaka 1949. Mama akanipeleka kwenye waya, akaninyanyua juu ya kichwa kama mtu anayeonyesha boga sokoni. Albina alikuwa amesimama mbali, kwa sababu askari hawakumruhusu kusogea.

"Simwoni vizuri! Anafanana na nani?"

"Na Silvan!"

"Maskini! Lakini atachangamka, usijali!"

Walicheka, kisha Albina akaingia ndani na kulia, Ciril akampikia ugali wa mahindi ya manjano, akauunguza. Hilo Albina mwenyewe alinisimulia miaka mingi baadaye. Alisema alitaka kunishika mguu tu, basi.

Jumapili moja ya Agosti mwaka 1950 kukavuma uvumi vijijini kwamba mpaka utafunguliwa ili ndugu waonane. Nani alisema, hakuna aliyejua. Watu walitoka kanisani moja kwa moja hadi kwenye kizuizi cha mpakani, mia kwa mia, kwenye jua kali. Albina alivaa gauni lake la bluu la harusi. Ciril alimsihi.

"Usiwe mbele, Albina. Mbele ndiko wanakoangalia."

"Nikiwa nyuma sitaona kitu, mimi mfupi."

Akaenda mbele. Walingoja, kizuizi hakikuinuliwa. Mbele yake alisimama askari kutoka kusini kabisa mwa nchi, jasho linamtiririka chini ya kofia.

"Rudini nyuma, jamani. Sina amri."

"Huna amri ya kufungua," akasema Albina, "lakini unayo amri ya kutupiga?"

Askari akafikiri. "Hiyo pia sina."

"Basi pumzika kidogo, kaka. Umesimama tangu asubuhi."

Sijui kama ni maneno yake au ni uzito wa umati uliosukuma nyuma. Kizuizi kilipinda, watu wakapita, na yule askari akasogea pembeni akishikilia bunduki mgongoni kama mtu anayepisha harusi. Wakamwagika mjini wakikimbia, wengine viatu mkononi. Wenye maduka waliacha chakula mezani wakafungua milango. Umati ukambeba Albina hadi ndani ya duka moja, na alipotoka alikuwa amekumbatia ufagio mpya. Kote barabarani watu walikuwa na fagio, wengine mbili mbili, wamezitia begani kama jeshi linalokwenda kupigana na vumbi.

Alifika kwetu anahema, nywele zimefumuka, kiatu kimoja kimekatika ukanda. Akabisha. Akafungua nyanya yangu Jozefa, mama yake Silvan, mwanamke mkavu ambaye hakuwa amemwona Albina tangu harusi.

"Hatununui fagio," akasema, akafunga.

Albina akabisha tena. "Mama, siuzi! Mimi ni Albina!"

"Albina yupi?"

"Mdogo wake Karlina! Wa ng'ambo!"

Mlango ukafunguka taratibu. "Mpaka umefungwa, umefikaje?"

"Umefunguka kidogo."

Nyanya akamvuta ndani kwa mkono. Na mimi nilikuwa chini, kwenye zulia, natafuna kijiko. Albina akautupa ufagio, akapiga magoti, akanishika mguu. Kisha akanishika wa pili. Nyanya Jozefa alikuwa akisema nilimtazama usoni kwa makini, halafu nikampiga na kile kijiko puani, na Albina akacheka mpaka majirani wakachungulia.

"Karlina yuko wapi?"

"Amekwenda mpakani kukutafuta wewe!"

Walipishana njiani. Nyanya akamkalisha, akamchemshia kahawa ya kweli. Albina akanywa kikombe, akaomba cha pili, kisha cha tatu. Ndipo mama akaingia, macho yamevimba.

"Mama, nimetafuta kila mahali, hayupo..." Akamwona. Akasimama mlangoni.

"Umechelewa, dada," akasema Albina. "Kahawa yako nimeimaliza."

Majirani wanasema kilio na kicheko cha wale wawili kilisikika hadi kanisani.

Jioni, kabla ya jua kuzama, watu walirudi wenyewe kwa hiari, na askari waliwahesabia fagio badala ya vitambulisho, wakicheka. Wiki ile Albina aliitwa kwenye mkutano wa kijiji.

"Komredi Albina, ulikwenda kutafuta nini kwa mabepari?"

"Nilikwenda kumwona mtoto wa dada yangu."

"Na ufagio?"

"Ukumbi huu mchafu, komredi. Nikawaza nitausaidia ujamaa."

Ukumbi ukapasuka kwa vicheko, na mwenyekiti, ambaye mkewe naye alirudi na fagio mbili, akaahirisha mkutano.

Baada ya miaka mitano hivi vibali vikaanza kutolewa kwa watu wa mpakani. Albina akawa anakuja kwetu na nyama imefungwa chini ya shali, anarudi na kahawa kifuani, na kila mara aligombana na nyanya Jozefa kuhusu namna ya kupika kabichi. Wakapendana sana wale.

Mwaka 2004, Yugoslavia ikiwa imeshavunjika zamani, wakaung'oa uzio wa mpaka uliokata uwanja wa stesheni ya reli. Nilimpeleka mama, mkongojo mkononi. Bendi ilikuwa inapiga, na katikati ya watu Albina, mzee wa miaka themanini, alikuwa anamzungusha polisi wa Kiitaliano ambaye hakuwa amejua kwamba atacheza siku hiyo.

"Utavunjika nyonga, wewe mtoto!" mama akapiga kelele.

"Nikivunjika nipelekeni hospitali ya upande wenu!" akajibu, bila kumwachia yule polisi. "Nasikia chakula chake kitamu!"