Pole ya Bosi

Juzi binti yangu alinisomea kwenye kamusi kwamba "pay", neno ambalo sisi tunasema kulipa, lilianza likiwa na maana ya kumtuliza mtu. Aliona ajabu. Mimi nilicheka kwa dharau, maana nilimkumbuka bosi wa baba.

Baba alikuwa ameacha vidole viwili kwenye msumeno wa kiwanda cha mbao. Siku aliyotoka hospitali, nyumba nzima ilinuka dawa, na shati lake bado lilinuka utomvu wa paina. Alasiri bosi akaja na gari. Alivuka uwanja wetu akiangalia viatu vyake, akaketi kwenye ncha ya kiti kana kwamba umaskini unaambukiza.

"Kamwene, mzee," alisalimia, Kibena chenyewe cha kuombea kura. "Nimewaletea pole."

Akaweka mfuko mezani.

Kiswahili nilikuwa ndiyo kwanza najifunza shuleni. Nilijua pole husemwa. Sikujua kwamba hubebwa. Nikaufungua mfuko palepale. Mlikuwa na sukari na mche wa sabuni.

"Mama, mbona pole yenyewe haimo?"

Bosi alicheka sana, akanisifu kwamba nina akili. Baba alikuwa anatazama bandeji yake. Mama alinipokonya mfuko, akaenda kubandika chai, na bosi hakuisubiri.

Chai ile ilikuwa tamu, nami nilimpenda yule mtu mpaka sukari ilipoisha. Ndipo baba alipokwenda kiwandani kudai fidia ya vidole vyake, akaambiwa alishalipwa.