Nguvu za Mteremko wa Munigi

Mwaka wa 1956 Viateur alikuwa anashusha maziwa kila asubuhi kutoka Kibumba hadi Goma, bidoni mbili nyuma ya baisikeli. Mutu wa maneno machache. Ya kututosha sote wawili nilikuwa nayo mimi, shemeji yake: mke wake Léocadie ni mdogo wangu.

Goti lake lilikuwa bovu. Mteremko haukumsumbua; kilichomshinda ni kibonde chini ya Munigi. Pale mawe ya volkano yanakulazimisha kukamata freni mpaka karibu usimame, na papo hapo unapanda hatua kumi. Goti lilikataa, awe anakanyaga awe anakokota baisikeli kwa miguu. Basi alikuwa anangoja mpita njia amsukume, jua linapanda, maziwa yanachacha. Papa Wenceslas, mpishi wa hoteli, alishamwambia, "Yakichacha mara moja tena, kazi ninampa Honoré, naye ana baisikeli."

"Nguvu ninazitupa kwenye freni," Viateur alituambia, "halafu hapo mbele ninaziomba kwa watu."

Akakata mipira mikuukuu ya ndani ya magurudumu, akasuka kamba nene, akailaza kukingama juu ya gurudumu la nyuma, kila ncha na kigogo chake cha mti cha kuzunguka. Akishuka, cha kushoto kimefungwa, anakandamiza kigogo cha kuume kwenye gurudumu: kinazunguka, kamba inajisokota, mwendo unapungua. Akitaka kupanda, anaiachia isukume.

Ikasukuma. Kinyumenyume! Tulimkuta amekaa kwenye changarawe.

"Shemeji," nikamwambia, "umetengeneza baisikeli ya kurudi Kibumba."

Hakucheka. Siku tatu hakuigusa.

Jumamosi mimi na Léocadie tulikuwa tunakamua blanketi tulilofua, yeye ameshika ncha yake imara, mimi ninasokota yangu. Nikaiachia: ikazunguka kurudi ilikotoka. Tukasokota tena, safari hii yeye ndiye aliyeponyokwa. Ncha yake ikazunguka upande uleule niliokuwa ninasokotea mimi.

Viateur, aliyekuwa amekaa karibu anatutazama, akasimama. "Rudieni!"

"Unataka tulichane?" Léocadie akauliza. "Tunalo hili moja tu."

"Rudieni, mama!"

Tukarudia mara nne. Kumbe kamba unaisokota kwa ncha moja, unaifungulia kwa ncha nyingine, ndipo inasukuma mbele.

Jumatatu nilikuwa na shughuli yangu kibondeni, msiniulize shughuli gani. Viateur akashuka, kigogo cha kuume kikapiga kelele. Akakifunga kwa kijiti, akafungua cha kushoto, akakisogeza kwenye gurudumu, akaachia. Baisikeli ikapanda yenyewe: hatua tano, sita, saba. Kamba ikaishiwa nguvu. Nikanyoosha mikono.

"Usiguse, shemeji!"

Tatu zilizobaki alizikanyaga kwa mguu mzima, meno yamekazana. Ukiwa umeshaanza kwenda, kumbe mguu mmoja unaweza.

Mlangoni pa jiko la hoteli Honoré alikuwa ameshafika na baisikeli yake, anangoja kazi. Papa Wenceslas akaonja maziwa, akaonja tena, akayamimina sufuriani.

Honoré akainama kutazama ile kamba. "Ni nini hii?"

"Blanketi," Viateur akamjibu, akapanda baisikeli yake.